Je, Kukosa Usingizi ni Kukosa Imani?

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, foleni ya kuombewa ikishaisha: "Mchungaji, mbona nimeokoka na silali?" Anayeuliza hukaa macho kuanzia saa 8 usiku. Ameshakemea roho ya uoga, ameshafunga, ameshapaka mafuta kwenye mlango. Rafiki amemfungulia Zaburi ya 127 ili aone kwamba usingizi ni zawadi ya wapendwa wa Bwana. Sasa amebeba mizigo miwili: usingizi uliopotea, na aibu ya kuonekana kama mtu wa imani haba.

Jibu langu ni hapana. Tunapenda kuhubiri jinsi Yesu alivyolala kwenye dhoruba, na jinsi Petro alivyolala katikati ya askari wawili, usiku wa mwisho kabla Herode amtoe. Ni sawa. Lakini Paulo akihesabu mateso yake katika 2 Wakorintho 11, kukosa usingizi kumo, pamoja na njaa na baridi. Asafu naye, katika Zaburi ya 77, analalamika kwa Mungu mwenyewe kwamba macho yake hayafumbi. Biblia haimkemei yeyote kati ya hao wawili.

Sasa mwangalie Eliya. Ametoka kushinda Karmeli, Yezebeli amemtisha, amekimbilia jangwani na anaomba afe. Malaika akaja. Hakumhubiria, wala hakumtoa pepo. Alimwamsha ale mkate na maji, kisha Eliya akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Swali gumu la kwamba anafanya nini huko aliulizwa baadaye, Horebu. Mungu alianza na mwili.

Hapa ndipo sisi watu wa maombi tunakosea mara nyingi. Mtu akisema haulali, tunamwambia, "Huyo ni Mungu anakuamsha uombe." Inaweza kuwa kweli. Samweli aliitwa usiku. Lakini kesha ni sadaka: mtu anatoa usingizi alio nao. Huwezi kutoa sadaka pesa ambazo umeshaibiwa. Mama ambaye hajalala vizuri tangu mwezi wa pili, anayesinzia akipika na kuwapigia watoto kelele bila sababu, usimwambie yuko kwenye huduma. Anaumwa. Ukiuita ugonjwa wake huduma, umemfungia mlango wa msaada.

Na msaada upo. Mungu ameweka saa ndani ya mwili, na saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga. Kwa hivyo amka wakati uleule kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na utoke nje uone jua. Usilale mapema sana ukidhani utalipa deni la jana, utageukageuka tu. Ukiona kama dakika 20 zimepita na bado uko macho, ondoka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, na urudi usingizi ukikujia. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja. Kiti kinatosha. Maana yake ni kwamba kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaika.

Chai yetu ya majani pia ina kafeini. Kwa watu wengi nusu yake bado iko mwilini saa 5 au 6 baadaye, kwa hivyo kikombe kizito cha saa 1 jioni kinafika usiku wa manane pamoja na wewe. Simu nayo ilale mbali, hata kama ujumbe unaoingia ni wa kikundi cha maombi.

Halafu kuna hesabu. Karo, kodi ya nyumba, deni la chama. Karo haipungui kwa kuhesabiwa saa 9 usiku. Jioni kabla giza lishike, iandike kwenye karatasi, uandike na mtu mmoja utakayempigia kesho, uiombee, uiweke ndani ya Biblia. Zaburi ya 121 inatuambia ni nani yuko zamu usiku. Si wewe.

Usinunue tembe za mafua kwenye kemisti ili zikusinzishe. Ikiwa shida inakupata usiku 3 au zaidi kwa wiki, na imefika miezi 3, nenda umwone daktari. Nenda mapema zaidi ikiwa unakoroma na kukabwa pumzi, au moyo umekuwa mzito hata huoni haja ya kuishi. Tutakuombea, na utaenda.

Neno moja kwa wanaokuja kesha la Ijumaa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho mfululizo. Baada ya saa 17, utendaji wao ulishuka sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na usiku ulipoendelea ukashuka zaidi. Ndugu ambaye hawezi kushika chupa ya bia anatoka madhabahuni saa 11 alfajiri, anawasha pikipiki, anabeba dada wawili. Mbele ya Mungu, hiyo ni tofauti gani? Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na Paulo akashuka akamkumbatia. Hakumkemea kwa kusinzia ibadani. Basi ukikesha, tandika leso kwenye benchi, ulale mpaka kuche, ndipo ushike barabara.