Zawadi Yenye Kufuli

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Mtu akikupa kitabu bure, lakini kukipakua tu kunakula bando lako la wiki nzima, amekupa au amekuuzia? Wengi tunaoandika hapa Singida tunagawa hadithi na mashairi yetu kwenye simu, na tunajisifu kwamba hatumtozi mtu hata senti. Sawa. Ila neno "bure" lipimwe upande wa anayepokea, siyo upande wa anayetoa.

Twende kwenye hesabu. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 60,000, ikihifadhiwa kwa maandishi matupu, yaani herufi tu bila mapambo, haifiki nusu megabaiti. Riwaya hiyohiyo ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa inaweza kufika megabaiti 50. Na picha ni picha, bwana. Kijana wa Kiomboi mwenye simu ya kioo kidogo ataukuza ukurasa, auvute kulia, auvute kushoto, mwisho achoke. Asiyeona, anayesomewa na programu kwa sauti, mara nyingi haambulii neno.

Kuna aliyeliona hili mapema. Mwaka 1971 Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, alichapa Tangazo la Uhuru la nchi yake kwenye kompyuta, lote kwa herufi kubwa. Ndiyo ikawa mwanzo wa Project Gutenberg. Hart alifariki mwaka 2011, lakini maandishi matupu aliyoyashikilia yanafunguka mpaka leo kwenye simu yoyote. Linganisha na kazi zilizohifadhiwa miaka ya 1980 kwa programu kama WordStar. Kuzifungua sasa, mpaka utafute fundi.

Nawasikia wenzangu: "Nikitoa maandishi matupu, si mtu atafuta jina langu aweke lake?" Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Jina ndiyo mshahara pekee wa mwandishi asiyelipwa. Lakini tuwe wakweli, PDF iliyofungwa isinakiliwe inamzuia nani? Mwizi ana subira, atakaa achape upya. Anayekwama ni mwalimu wa Manyoni aliyetaka kutoa beti tatu awawekee wanafunzi kwenye zoezi. Kwa kumwogopa mmoja tunamfungia mlango yule tuliyesema tunamwandikia. Andika jina lako na mwaka juu kabisa, rudia mwishoni, kisha achia.

Sisemi PDF ni haramu. Kurasa zake hazihami, kwa hiyo ukienda steshenari kutoa kijitabu, hiyo ndiyo yenyewe. Hadithi ya watoto nayo huwezi kuivua michoro. Katikati ipo EPUB, ambayo maandishi yake yanajipanga kufuata upana wa kioo. African Storybook, wanaotoa hadithi za watoto bure, za Kiswahili zikiwemo, wanazitoa kwa PDF na kwa EPUB pia.

Ushairi una shida yake. Mshororo wa mizani 16 ukikutana na kioo kidogo unakatika popote, na kina cha kati kinapotea. Mimi nauvunja mwenyewe, kila kipande cha mizani 8 kwenye mstari wake. Wapo malenga watakaonuna. Wanune tu, sikio halikosi kitu.

Na lugha za nyumbani je? Kiswahili kina bahati, herufi za kawaida na kile kialama cha ng' vinakitosha. Kinyaturu kina irabu saba, kwa hiyo a, e, i, o, u hazitoshi kuitofautisha kila sauti. Faili likihifadhiwa ovyo, herufi za ziada zinageuka visanduku, na bibi aliyekusimulia hadithi anasomewa kitu ambacho hakukisema. Unapohifadhi, chagua UTF-8, inayobeba herufi za karibu lugha zote. Halafu, kabla hujagawa, litume faili lako kwenye simu mbovu kuliko zote pale mtaani, ukae pembeni uone mwenyewe analisomaje.