Jiko la Sandukuni

Masomo: 1 Wafalme 17:8–16 na Luka 2:1–7



Siku za Majilio zimefika, na kila nyumba yaanza kuwaza habari za sikukuu: unga, mchele, nyama, kuni na nguo za watoto. Kwa hiyo twapenda kusema nanyi juu ya jikoni. Maana Noeli ya watu wengi huanzia jikoni, na kwa wengine huishia huko huko.

Katika nchi ya Ujerumani uko mji uitwao Nürnberg. Mji huo uliyapokea Matengenezo ya Kanisa mwaka 1525, na mafundi wake walisifiwa tangu zamani kwa vitu vya kuchezea watoto. Kimoja cha vitu hivyo kilikuwa jiko dogo. Fundi alitengeneza sanduku la mbao lililo wazi upande wa mbele. Kwenye ukuta wa nyuma akajenga meko na njia ya moshi, na pande zote mbili akapigilia vibao vya kuwekea vyombo. Akapanga humo vijisufuria vya shaba, visahani vya bati, vyungu na ufagio, kila kitu kidogo kama kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtoto mchanga. Katika nyumba nyingi jiko hilo lilitolewa wakati wa Noeli tu. Watoto walilichezea siku chache, kisha likafungiwa tena hata mwaka wa pili.

Wala halikuwa mchezo mtupu. Mwaka 1631 mwanamke mmoja wa mji huo, Anna Köferlin, aliwaonyesha watu nyumba ya wanasesere yenye vyombo vyote vya nyumbani, akapigisha chapa karatasi ya kueleza kwamba watoto waitazame, wajifunze jinsi nyumba inavyotunzwa.

Pengine mtu atauliza: Mambo ya Nürnberg yatuhusu nini? Karibu na mji huo upo mji mdogo uitwao Hersbruck. Ni wamisioni wa Hersbruck waliokuja kuwahubiri Wakamba mwaka 1886, na kazi yao ikapokelewa baadaye na Misioni ya Leipzig, ile iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Basi baadhi ya watu waliotuletea Neno walitoka katika nchi ya majiko hayo ya sandukuni. Na tuyatazame, tupate mafundisho matatu.

La kwanza: kidogo hufundisha kikubwa. Watoto wetu nao hucheza jikoni, ijapokuwa hawana sanduku la fundi. Huweka mawe matatu, hupika udongo katika kifuu cha nazi, husonga ugali wa mchanga na kuufunika kwa jani la mgomba. Wasikilizeni wanapocheza. Yule aliye mama husema kwa maneno ya mamaye, na yule aliye baba huja kwa sauti ya babaye. Ikiwa huyo baba wa mchezo aingia kwa kishindo, auliza chakula kwa ukali, na kumtukana mpishi, je, amejifunza wapi? Hakufundishwa na mwalimu wa shule ya Jumapili. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba ni mafundisho ambayo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Alijua ya kuwa mimbari ya kwanza ya mtoto ni nyumbani kwao, na mahubiri yake husikika kila siku, hata pasipo kitabu.

La pili: jiko la sandukuni lilikuwa na vyombo vyote, lakini yaliyo mengi hayakuwa na moto. Sufuria ziling'aa, wala hakuna aliyeshiba. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi wengine walitengeneza vijiko vya bati vyenye taa ndogo ya spiriti, mtoto akaweza kupika chakula cha kweli, tonge moja au mbili. Ni kidogo, lakini tonge moja la kweli lapita sufuria mia za kutazamwa.

Sasa tazameni jiko la mjane wa Sarepta. Hatusomi habari za vyombo vizuri. Unga wake ulikuwa konzi moja, mafuta yake kidogo chupani, na kuni zake alikuwa akiziokota langoni mwa mji. Lakini lilikuwa jiko lenye moto, na lilikuwa na mgeni. Tena alimpa mgeni kwanza, kisha yeye na mwanawe wakala. Basi nyumba yenye mapishi mengi siku ya Noeli, iliyofunga mlango ili jirani asione, ndiyo jiko la sandukuni. Na nyumba yenye sufuria moja iliyogawanywa kwa watu wawili, hiyo ndiyo jiko la Sarepta.

La tatu: Bwana wetu mwenyewe alilazwa katika chombo cha nyumbani. Hori ni chombo cha kulishia mifugo. Tena neno la Kiyunani ambalo Luka alilitumia juu ya mahali walipokosa nafasi, alilitumia tena katika sura ya 22 kwa chumba cha wageni. Bali nyumba ya wageni ya yule Msamaria ilitajwa kwa neno jingine. Kwa hiyo wataalamu wengi wa Maandiko husema kwamba Yesu alizaliwa katika nyumba ya watu, ambamo watu na wanyama walikaa chini ya dari moja. Wazee wa Kilimanjaro hawashangai, maana katika nyumba ya Wachaga ya zamani ng'ombe na mbuzi walikuwa ndani, na moto haukuwa mbali nao. Basi Mwana wa Mungu hakuja kutazamwa siku chache na kufungiwa tena sandukuni. Alikuja kukaa mahali tunapokoka moto na kula.

Ndugu, yatupasa kufanya nini? Kila mwaka twaliona jambo moja la kuhuzunisha. Asubuhi ya Noeli kengele yalia, wanaume waja na nguo safi, na akina mama wengi wamebaki mekoni, macho yamejaa moshi. Habari njema yasomwa, nao hawaisikii. Wapata sauti ya wimbo kwa mbali tu. Akina baba, jambo hili ni juu yenu. Pasueni kuni na kuteka maji siku iliyotangulia. Chakula cha mchana na kichelewe. Mke wako aketi kanisani. Wala msikope kwa ajili ya karamu ya siku moja, mkalipa kwa machozi ya miezi sita.

Nanyi walimu, watengenezeeni watoto jiko katika sanduku kuukuu. Wafinyange mafiga na vyungu vya udongo, na kando ya moto waweke hori. Kisha mwulizeni kila mtoto: Ni nani atakayekula hapa? Akimtaja mjane, au mgonjwa, au mtoto asiye na wazazi, mwambieni asitie sanamu ya mtu huyo sandukuni tu, bali ampelekee bakuli la chakula cha kweli kutoka kwao. Hapo jiko la sandukuni litakuwa limepata moto.

Bwana aliyelala horini na abariki meko zenu, na mikono ipikayo, na milango ifunguliwayo kwa wageni. Amina.