Ukarimu wa Wakusanya Stempu

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Methali hii twaisikia tungali wadogo, na aghalabu twafafanuliwa kwa mfano wa maskini aliyegawana kibaba chake cha unga na mgeni. Mfano huo ni mwema, lakini haufiki katika kila pembe ya maisha. Wapo watu ambao wanachopeana hakiliwi wala hakivaliwi, wala hakimwondolei mtu dhiki yoyote. Nawakusudia wakusanya stempu. Mmoja wao akimpa mwenziwe kipande cha karatasi kilichokwisha kutumika, kisichozidi upana wa vidole viwili, je, ametoa nini? Na akimnyima, amemnyima nini? Swali hili laweza kuonekana dogo mno kutiwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Mimi naliona kubwa, na nitaeleza sababu yake, ingawa sababu hiyo hainipi sifa.

Kwanza yafaa vijana walifahamu jambo lenyewe, maana barua zimepungua majumbani, na leo wako wanafunzi wa sekondari ambao hawajapata kubandika stempu hata moja. Stempu ya kwanza ya kubandikwa kwa gundi ilitolewa Uingereza mwaka 1840, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kuzikusanya. Kwetu Afrika ya Mashariki ziko za ajabu. Mwaka 1895 huko Uganda, mmishonari Ernest Millar alizitengeneza stempu kwa taipureta, na bei zake akaziandika kwa hesabu ya kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa fedha ya watu. Mwaka huohuo Zanzibar ilitumia stempu za Bara Hindi zilizopigwa chapa jina la Zanzibar juu yake. Katika baadhi yake herufi zikakosewa, ikasomeka "Zanzidar", na leo kosa hilo latafutwa kuliko usahihi. Mwaka 1922 Tanganyika ikawa na stempu za kichwa cha twiga. Tangu mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na stempu za pamoja. Tanzania ikatoa samaki mwaka 1967, na vipepeo mwaka 1973. Hao samaki na vipepeo ndio waliokuwa fedha yetu sisi watoto, kama nitakavyosimulia.

Mkusanyaji ni mtu anayeishi na mapengo. Albamu yake ina nafasi zilizochorwa tayari, na jicho lake halitulii juu ya stempu mia tisa alizo nazo, bali juu ya nafasi nne zilizo tupu. Hapo ndipo penye hatari kwa urafiki. Wakulima wawili waweza kuwa marafiki, kila mmoja akavuna shamba lake, na mvua ikimnyeshea huyu haimnyimi yule. Wakusanyaji wawili hutamani kitu kimoja, na pengine kitu hicho kiko kimoja tu. Iko stempu ya senti moja iliyotolewa mwaka 1856 katika Guiana ya Uingereza, ambayo leo ndiyo nchi ya Guyana, na inayojulikana kubaki ni moja duniani. Mwaka 1922 ilinunuliwa na tajiri mmoja wa Marekani, Arthur Hind. Husimuliwa kwamba baadaye alijiwa na mtu mwenye nyingine kama hiyo, naye akainunua kwa fedha nyingi, kisha akaichoma moto papo hapo ili yake ibaki peke yake. Kisa hicho hakikuthibitishwa, nami sikisadiki. Lakini watu wamekirudia miaka mingi kwa sababu tabia yenyewe wanaitambua. Nani kati yetu hajapata kukifurahia kitu zaidi kwa kuwa jirani hana?

Tuwaache matajiri. Wakusanyaji wengi ni watu wa kipato cha kawaida, walimu, makarani na watoto wa shule, na zawadi yao ya kila siku ni ile iliyozidi. Mwenye kipepeo wawili wa namna moja humpa mwenziwe mmoja. Wako wasemao kwamba huo si ukarimu, kwa kuwa mtoaji hapungukiwi na chochote. Nimelipima dai hilo kwa muda mrefu, na naona lina ukweli nusu. Ili umpe mtu stempu yako ya pili na imfae, huna budi kujua yeye amekosa nini. Mkusanyaji mwema hutembea na mapengo ya rafiki zake kichwani. Akipita katika posta ya mji wa mbali, au akipewa bahasha kuukuu na shangazi yake, haikumbuki albamu yake peke yake, hunena moyoni, "Hii fulani anaihitaji, ndiyo itakayomtimizia safu ya samaki." Ni watu wangapi ulimwenguni wanaojua kwa hakika tulichokosa? Ndugu zetu wa tumbo moja hutuletea vitambaa ilhali tumekosa viatu. Basi kulibeba pengo la mwenzio ni kazi ya moyo hata kama kinachotolewa ni cha ziada. Methali yetu ilisema kutoa ni moyo. Haikusema kutoa ni kupungukiwa.

Walakini kuna utoaji mwingine ulio mgumu zaidi, nao si wa stempu. Nilifunzwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa posta, ambaye siku za Jumapili alituruhusu sisi wanafunzi kuketi barazani pake. Alituonyesha namna ya kukata pembe ya bahasha, kuilaza katika sahani ya maji ya uvuguvugu hadi gundi ilegee, kuitoa stempu pasipo kuivuta, na kuikausha kifudifudi juu ya karatasi safi. Alituonya tusiishike kwa vidole vyenye jasho, bali kwa kibano. Lakini alipobadilishana nasi alikuwa na desturi moja iliyotushangaza. Kabla hujaipokea stempu yake, alikugeuzia upande wa nyuma akasema, "Mwanangu, tazama mgongo kwanza." Mgongoni ndipo kasoro zinapojificha: karatasi iliyokwaruzwa ikawa nyembamba, jino lililoungwa, alama ya gundi ya zamani. Aghalabu sisi tulikuwa hatujui hata cha kutazama, naye alitufundisha jicho lile lile ambalo lingetuwezesha kuikataa stempu yake. Na ukimletea kitu chenye thamani bila wewe kujua, alikirudisha mkononi mwako na kukwambia, "Hiki usinipe mimi kwa bei ya mtoto. Kiweke."

Wakati ule nilidhani ni adabu za kizee tu.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Rafiki yangu mkubwa alikuwa kijana wa Tanga, ambaye babu yake mzaa baba aliishi na kufia Unguja. Muhula mmoja alirudi na bahasha ya babu huyo aliyoikuta katika sanduku la baba yake. Barua yenyewe ilikwisha potea. Bahasha ilikuwa na stempu yenye picha ya Sultani, na juu ya picha umegongwa muhuri wa maneno "Jamhuri 1964". Baada ya Mapinduzi ya Januari mwaka ule, stempu zilizokuwepo Zanzibar ziligongwa maneno hayo kwa mkono na kuendelea kutumika. Hayo mimi nilikuwa nimeyasoma katika kitabu cha orodha ya stempu pale barazani kwa mzee. Mwenzangu hakuyajua. Alinitazama akauliza, "Huu muhuri umeiharibu, siyo?"

Nikamjibu, "Huenda."

Neno hilo moja ndilo linalonifanya niandike makala haya. Nilimpa samaki sita na vipepeo wanne, naye akafurahi, akaniambia nimemwonea huruma. Usiku ule nilichukua sahani ya bwalo, nikatia maji, nikaing'oa stempu kwa ustadi niliofundishwa. Bahasha ikavimba, wino ukatawanyika, nikaitupa.

Thamani yake haikuwa ya kumtajirisha mtu, na mwenye kunitetea aweza kusema mengi. Aweza kusema sikudanganya, kwa kuwa "huenda" si uongo. Aweza kusema kwamba katika biashara mnunuzi hana wajibu wa kumfundisha muuzaji bei ya mali yake, na kwamba ujuzi wangu niliupata kwa bidii, basi ulikuwa haki yangu kunifaa. Hoja hii ya mwisho si ya kudharauliwa. Ile stempu ya Guiana niliyoitaja iliokotwa mwaka 1873 na mtoto wa miaka 12 katika makaratasi ya nyumbani kwao, naye akaiuza kwa mkusanyaji wa palepale kwa shilingi 6. Mwaka 2014 ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9 za Marekani. Je, yule mnunuzi wa kwanza alimdhulumu mtoto? Nadhani hapana. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ni ya pekee. Wote wawili walikuwa katika giza moja, na bei waliyopatana ilikuwa bei ya giza hilo.

Mimi sikuwa gizani. Nilishika taa, nikaigeuza upande wangu. Na tena hatukuwa sokoni. Sokoni kila mmoja ajua kwamba mwenziwe anajitazamia mwenyewe, ndiyo maana watu huuliza bei mara tatu na kupita duka la pili. Rafiki yangu hakupita duka la pili kwa kuwa aliniuliza mimi. Lile swali lake halikuwa la muuzaji kwa mnunuzi. Alikuwa anaazima jicho langu, kama vile mtu anavyomwomba mwenziwe amsomee barua. Mwenye kusomea mtu barua akaruka mstari, akisema kwamba hakutamka uongo wowote, tutamwita nani?

Hapa ndipo naona tofauti kati ya ukarimu wa vitu na ukarimu wa maarifa. Kitu kilichozidi waweza kukitoa na ukabaki mkubwa mbele ya mpokeaji. Maarifa ukiyatoa, hasa yale yatakayomwezesha mwenzio kukukatalia, umekwisha jishusha mkawa sawa. Yule karani mzee alitupa stempu chache sana. Sidhani kama zilifika ishirini kwa miaka yote. Alichotupa ni ule uwezo wa kutazama mgongo. Walimu watakaosoma maneno haya wanaijua hali hiyo kuliko mimi, maana kazi yao ni kumpa kijana silaha ya kuwapinga, na mshahara wake wanaujua wenyewe.

Stempu ile ilikaa katika albamu yangu miaka 25. Niliionyesha watu wengi, wala sikumwonyesha hata mmoja bila kulisikia lile neno "huenda". Mwaka 2011 kazi ya serikali ilinipeleka Tanga. Nikaitia katika karatasi laini, nikaenda kupiga hodi kwa mwenzangu. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka kumi. Mkewe akatuletea kahawa na kashata, tukazungumza habari za watoto, kisha nikamweleza yote, nikamwekea stempu juu ya meza. Niliyajua maneno niliyoyatarajia: ama atakasirika, ama atacheka kwamba ni mambo ya utoto.

Aliitazama kitambo, akaigeuza nyuma, akauliza, "Na bahasha iko wapi?"

Nikamwambia.

Akanieleza kwamba babu yake alikuwa ameandika jina la baba yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za kizungu upande wa mbele na kwa herufi za Kiarabu upande wa nyuma, na kwamba hapakuwa na mwandiko mwingine wa mzee yule uliobaki katika ukoo. Alipokuwa mtoto hakulijali jambo hilo. Baba yake alipofariki alinikumbuka, akadhani kwamba huenda mimi nimeitunza bahasha nzima, kwa kuwa wakusanyaji hutunza. Hakupata kuniuliza kwa sababu aliona aibu kudai kitu alichokwisha kutoa kwa hiari.

Sikuwa na la kujibu. Hata kwa hesabu ya wakusanyaji nilikuwa nimefanya ujinga, maana bahasha kamili yenye stempu, muhuri wa posta na anwani yake hutafutwa kuliko stempu iliyong'olewa. Jambo hilo mzee hakuwa ametufundisha, au alilifundisha Jumapili ambayo sikwenda. Nilifika kurudisha mali, nikakuta kwamba thamani ambayo mimi niliijua na kumficha ilikuwa ndogo, na ile iliyo kubwa hatukuijua sote wawili hadi ilipokwisha tawanyika katika sahani ya maji.

Nilipoaga alitaka niichukue stempu. Nilikataa, akashikilia, tukavutana mlangoni kama watu wagombanao nauli. Mwishowe akamwita mwanawe wa mwisho, aliyekuwa darasa la sita, akamkabidhi, akamwambia, "Huyu baba yako mkubwa ndiye ajuaye mambo haya. Muulize." Kijana akaniuliza maneno yale yaliyogongwa juu ya uso wa Sultani maana yake ni nini, na kama yameiharibu stempu. Tuliketi tena barazani hadi adhana ya magharibi.