Karatasi Inayomshitaki Aliyeitunza

Nyumba haifichiki. Anayesimama juu ya jiwe la Gangilonga anauona mji wa Iringa umetandazwa chini yake, paa kwa paa. Lakini nyumba mbili zinazofanana hazisemi nani aliiga ramani ya nani. Zinazosema ni karatasi: michoro ya awali, meseji za mteja na mbunifu, faili la kompyuta lenye tarehe, nakala iliyopelekwa manispaa kuombea kibali cha ujenzi. Mara nyingi karatasi hizo anazo mdaiwa mwenyewe. Je, ana wajibu wa kuzitoa, akijua zitamwangusha?

Sheria imejibu kwa upande wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za usanifu majengo kwa uhai wa mbunifu na miaka 50 baada ya kifo chake. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri ya 11, inamruhusu mdaawa kuomba mwenzake aamriwe kuorodhesha kwa kiapo hati alizonazo kuhusu shauri. Mdai akikaidi, madai yake yanaweza kufutwa; mdaiwa akikaidi, utetezi wake unaweza kuondolewa. Mizizi ya utaratibu huu iko Uingereza, ambako mwaka 1882, katika kesi ya kampuni ya Peruvian Guano, Mahakama ya Rufani ilisema hati ya kutolewa ni hata ile inayoweza tu kumwonyesha mpinzani njia ya kufuatilia ukweli.

Ila kiapo kina udhaifu mmoja mkubwa: anayejua kilichomo kwenye droo ni mwenye droo. Jaji haingii ofisini kwa fundi. Kwa hiyo utaratibu wote unaegemea dhamiri, na hapo dini zina neno zito kuliko la mawakili. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inawaamuru waumini wasimamie haki hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa. Al-Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Mambo ya Walawi 5:1 inamhesabia hatia anayejua jambo akanyamaza alipotakiwa kusema. Kutajwa kwa jamaa kunagusa sana mji kama Iringa, ambako mbunifu, fundi na mteja wanaweza kuwa wa ukoo mmoja au kusali kanisa moja.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo si nyepesi. Tembe za Wahehe, nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, zilijengwa kwa kufuatana, na hakuna aliyedai kuwa mwenye ramani. Hata leo fundi hujifunza kwa kutazama kazi ya mwenzake. Kwa nini basi aapishwe juu ya alichokiona?

Jibu ni kwamba sheria hailindi wazo la vyumba vitatu na baraza. Inalinda namna mbunifu alivyolichora. Na fundi aliyefika kwenye nyumba inayofanana kwa jasho lake atatetewa na karatasi zilezile: michoro iliyofutwafutwa, vipimo vilivyobadilishwa, mabishano na mteja kuhusu jiko. Anayeumizwa na uwazi ni yule aliyeanza na ramani iliyokamilika ya mtu mwingine.

Wajibu huu una mpaka. Mazungumzo ya mtu na wakili wake yamelindwa, na ni sawa yalindwe, kwani asiyeweza kumweleza wakili ukweli hatashauriwa vema. Mchoro wa jirani ulionakiliwa hauingii humo. Kuuchoma ni kumnyang'anya mwenzako haki mara ya pili, safari hii mbele ya mahakama.

Na kiapo kina maana pale tu anayeapa anapokielewa. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Fundi anastahili kusomewa orodha ya hati kwa lugha anayoielewa, na wakili anayemwekea karatasi mbele atie sahihi bila kumweleza anachoapa anabeba sehemu ya dhambi ya kiapo cha uongo kikitokea.