Ulafi, Mizani na Amana ya Mwili

Katika mazungumzo ya watu wa Juja, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, unene hupokewa kwa hukumu mbili zinazopingana: mtu aliyenenepa husifiwa kwamba amenawiri na pesa zimemkubali, kisha huyohuyo, akishapatikana na shinikizo la damu au kisukari, hulaumiwa kwamba alishindwa kuuzuia mdomo wake. Hukumu zote mbili huusoma mwili kana kwamba ni cheti cha tabia, na hapo ndipo linapozuka swali la kidini, yaani iwapo uzito uliopita kiasi ni ushahidi wa dhambi ya ulafi.

Waliochambua dhambi hiyo hawakuitafuta kwenye mizani. Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alieleza kuwa ulafi hujitokeza kwa njia tano: kula kabla ya wakati, kutamani vyakula vya anasa, kudai mapishi ya madoido, kula kingi mno na kula kwa pupa, naye Thomasi wa Akwino, katika karne ya 13, alisisitiza kuwa kosa haliko katika chakula bali katika tamaa isiyotii akili. Kati ya njia hizo tano, ni moja tu inayohusu wingi. Mtu mwembamba anayerudisha sahani jikoni kwa kuwa nyama haikukaangwa apendavyo yumo ndani ya ulafi, ilhali mwanamke mnene anayewamegea watoto wa jirani chakula chake huenda hayumo kabisa. Uislamu nao, unapokataza israfu, yaani kuvuka mpaka katika matumizi, na unapofundisha kwa Hadithi kwamba tumbo ligawanywe theluthi kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi, humsemesha mlaji aliye mbele ya sinia, wala haumpi mpita njia ruhusa ya kukagua viuno vya watu.

Unene, tena, umehama tabaka. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwili mkubwa uliojulikana Juja ulikuwa wa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemkaribisha Theodore Roosevelt shambani mwake mwaka 1909. Kufikia mwaka 2014, Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya ulikuta kuwa asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Jioni, hapo Juja, nje ya malango ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, mwuza chipsi huinua kichujio cha waya kutoka kwenye mafuta, akakigongagonga ukingoni mwa karai, akamimina viazi na kuvinyunyizia chumvi, yote hayo kwa dakika chache; lakini githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hutaka saa kadhaa za moto, na moto ni pesa. Anayefika usiku kutoka Nairobi, baada ya kukaa kutwa nzima kazini na kisha kwenye matatu, amekwisha kuchaguliwa mlo kabla hajahisi njaa.

Hata hivyo mwili ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akitunze, na amana haifutwi na ugumu wa maisha; ila dini hizohizo hufundisha kwamba mja hatwikwi asichokiweza. Kipimo cha uwezo hapa si cha kubahatisha, kwa sababu mwili unaopungua hujitetea: homoni za njaa huongezeka na matumizi ya nishati hupungua, hivyo wengi huurudia uzito wao wa awali bila uzembe wowote. Kwa hiyo lengo la haki ni dogo kuliko linalodaiwa na watu. Kupunguza asilimia 5 hadi 10, ambayo kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 4 na nusu hadi 9, kwa kawaida hutosha kushusha shinikizo la damu na sukari, ingawa machoni pa jirani mtu huyo bado ataonekana mnene vilevile.