Tetemeko la Aceh: Tusiwasomee Wenzetu Dhambi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.



Katika darasa letu la Alhamisi jioni tulikuwa tukizungumzia majanga, na mwenzetu mmoja akataja tsunami ya Aceh. Akasema aliwahi kumsikia mhubiri akieleza kwamba watu wale waliadhibiwa kwa sababu ya pombe na ufuska wa fukweni. Kisha akauliza: "Na watoto je?" Darasa likanyamaza. Adhana ya Maghrib ikaingia, tukainuka. Nimeomba nafasi katika kurasa hizi ili swali lile lisiachwe hewani.

Kwanza tukio lenyewe, maana wengi wetu tulikuwa wachanga au hatujazaliwa. Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, saa moja na dakika 58 asubuhi kwa saa za Sumatra. Kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri. Chini ya bahari, magharibi ya kisiwa hicho, bamba la ardhi linalobeba Bahari ya Hindi huzama chini ya bamba jingine kwa mwendo wa sentimita chache kila mwaka. Mabamba hayo yalikuwa yamekwamana, na ukingo wa lile la juu ukivutwa chini kidogo kidogo kwa muda mrefu. Asubuhi ile ulifyatuka. Ufa ulifunguka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, tetemeko likawa na ukubwa wa 9.1, na sakafu ya bahari ikainuka kwa mita kadhaa pamoja na maji yote yaliyokuwa juu yake. Waliokufa katika nchi za Bahari ya Hindi walikuwa takriban 230,000. Wengi wao walikuwa wa Aceh.

Na Aceh ni nani? Ni watu wa swala. Wenyewe huuita mkoa wao Baraza ya Makka, kwa kuwa mahujaji wa visiwa vile walikuwa wakipandia meli huko. Picha ya Msikiti wa Baiturrahman ukiwa umesimama katikati ya vifusi husambazwa sana, na mimi naipenda. Lakini misikiti mingine mingi ilibomoka, na waliokuwa wakiswali humo walikuwa Waislamu vilevile.

Najua mhubiri yule angejibu nini. Angesema: Qur'ani si inatueleza kwamba Thamud na watu wa Madyan walichukuliwa na tetemeko? Ni kweli. Lakini tunajuaje kwamba ile ilikuwa adhabu? Tunajua kwa sababu Allah mwenyewe ametuambia, na kwa sababu Mtume alikuwa amekaa nao, akawaonya, wakamkadhibisha. Kuhusu Aceh hatukuletewa wahyi. Anayesema "hawa waliadhibiwa" anadai kujua jambo la ghaibu, na dai hilo ni zito kuliko dhambi nyingi anazowatajia watu.

Tazameni Mtume (s.a.w.) alivyofanya siku aliyofariki mwanawe Ibrahim. Jua lilipatwa siku ileile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Baba aliyefiwa angeweza kulinyamazia neno hilo, kwani lilikuwa la kumtukuza. Hakulinyamazia. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, nao wakiona hivyo waswali na waombe. Alikataa tukio la mbinguni lifanywe habari ya mtu fulani, hata mtu huyo akiwa wa nyumba yake.

Kuhusu wafu wenyewe hatukuachwa gizani. Katika hadithi sahihi aliyopokea Abu Hurayra (r.a.), aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo wamehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Watoto waliouliziwa darasani hawana hata dhambi ya kuandikiwa. Basi huyu tunayemwita shahidi kwa hadithi, tunamwitaje mwenye kuadhibiwa kwa dhana?

Sura ya Az-Zalzala tunaisoma tangu madrasa. Inaanza na ardhi inayotetemeshwa, inamalizia na kila mtu kuonyeshwa alilolitenda, jema au ovu, hata likiwa na uzito wa chembe. Ni alilolitenda yeye. Hakuna anayeitwa kusoma daftari la jirani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika mkoa uleule wa Aceh kuna kisiwa kiitwacho Simeulue, karibu sana na pale tetemeko lilipoanzia. Mwaka 1907 watu wake walitikiswa, bahari ikarudi nyuma, wengine wakashuka kuokota samaki, na maji yakarejea yakawaua wengi. Waliobaki waliliita jambo hilo smong. Bibi na babu wakawafundisha wajukuu katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, na bahari ikivutika, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye, katika kijiji cha Langi, mawimbi ya mita 10 hadi 15 yalifika dakika nane tu baada ya tetemeko. Kijiji kilikuwa na watu 800 hivi, na hakufa hata mmoja. Kisiwa kizima kilikuwa na watu wapatao 78,000, wakafa saba. Upande wa pili wa maji, Banda Aceh, watu wa dini ileile walikufa kwa maelfu, na hadithi ile haikuwa ikisimuliwa kwao.

Tuseme wa Simeulue walikuwa wachamungu zaidi? Hapana. Walikuwa na elimu, na wazee wao hawakufa nayo.

Huku kwetu maji yale yalichukua muda wa saa saba hivi kufika Somalia, na bado karibu watu 300 walikufa huko, hasa Hafun, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuwa na mtandao wa tahadhari. Tanzania walikufa watu wapatao kumi. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa, alikufa mmoja. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipogeuza msafara njiani kuelekea Sham kwa habari ya tauni, aliulizwa kama anakimbia kadari ya Allah. Akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Habari iliyofika Mombasa mapema ilikuwa kadari pia.

Sisi wa Uganda hatuna bahari, lakini tunaishi kando ya Bonde la Ufa la Magharibi. Ardhi yetu inatanuka, haizami kama ile ya Sumatra, na matetemeko yake ni madogo kuliko lile. Hata hivyo yanaua. Mwaka 1966 Toro walikufa zaidi ya watu 100, na Septemba 2016 lile la Bukoba tulilisikia mpaka huku. Likija tena, aliye ndani ajikinge kichwa chini ya meza imara, na mtikisiko ukikoma atoke nje bila kusukumana.

Musalla wetu una mlango mmoja kwa upande wa wanaume. Kila Ijumaa viatu hujaa pale mpaka imamu hupita kwa kuruka. Kamati imekubali rafu mbili ziwekwe ukutani nje. Fundi ameshapima, mbao bado. Mwenye mchango ampe mweka hazina kabla ya Ijumaa ijayo, na asiye nacho aje Jumamosi asubuhi tupige misumari.