Buhaya Haikumsubiri Mchungaji

Msharika wa Bukoba mjini, wewe wa Kamachumu, na wewe mvuvi unayesali kisiwani Goziba: acheni kusema kwamba kukaribisha watu ni kazi ya mchungaji. Historia yenu wenyewe inakataa.

Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Walikuta nini? Walikuta Wahaya ambao tayari walikuwa na Injili, waliyoipata Uganda wakarudi nayo nyumbani. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Mwaka 1916 Wajerumani wakaondoka, na kwa hesabu za kibinadamu kanisa lilipaswa kufa hapo. Halikufa! Wenye mashamba ya migomba na kahawa, wasio na joho, ndio walioshika ibada na kufundisha wenzao. Miaka ya 1920 wakaja Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, nao hawakukaa. Wenyeji wakaendelea kusali. Kwangu mimi huo ndio ukurasa mkubwa kuliko yote katika historia ya Dayosisi yetu ya Kilutheri ya Kaskazini Magharibi, ingawa tukisimulia tunapenda kuanzia kwa Wazungu.

Kutoka udongo huo akatokea Josiah Kibira. Mwaka 1964 alipokea uaskofu kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia, uliokaa Dar es Salaam, ukamchagua kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kibira aliandika kitabu kizima kuhusu ukoo na Kanisa. Alijua Mhaya bila ukoo ni mtu wa kutangatanga. Basi anayefika kwetu hana ndugu, ukoo wake utakuwa nani kama si usharika?

Swali hilo lilitupima vikali. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera. Watu wakaogopana, wengine wakakimbia hata kushikana mikono msibani. Wauguzi wa hospitali ya Ndolage, kule Muleba, hawakuwa na mahali pa kukimbilia, wakawahudumia wagonjwa hao. Dayosisi ikaanzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, na yatima wakapata wa kuwauliza kama wamekula na kama wameenda shule. Hao nao ni waumini wa kawaida waliofungua mlango.

Sasa tujitazame. "Wageni wasimame tuwatambue!" Wanasimama, tunapiga makofi, wanaketi. Ibada ikiisha tunakimbilia mnada wa sadaka kugombea mkungu wa ndizi, na mgeni anatoka kimya kama alivyoingia. Huko si kukaribisha, ni kuhesabu watu. Mhaya wa kweli hamwachi mgeni aondoke hajatafuna hata punje ya kahawa.

Kijana wa kwaya, mama wa jumuiya, mzee wa kanisa, amkeni! Jumapili hii usimwachie mwinjilisti. Mfuate yule binti aliyehamia kufundisha shule ya kata, yule Mjita aliyetoka ziwani, yule kijana anayenuka pombe ya jana. Muulize jina, muulize anakaa wapi, mwonyeshe jumuiya yenu inasalia nyumba ya nani. Wiki ijayo usipomwona kanisani, vaa viatu uende kwake.